Habari Isiyo na Isnadi

Maneno haya niliyasema jioni moja katika ua wa Ngome ya Lamu, mbele ya wazazi, walimu na vijana. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baba zangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliojipanga kule ngazini, ahsanteni kwa kuniita. Nimefundisha Kiswahili miaka 34, na nikitupa macho hapa naona nyuso nyingi nilizozisahihishia insha. Mmenitaka niseme televisheni na intaneti zimetufanya nini sisi watu wa Amu, yaani Lamu. Nimekubali, lakini siwezi kuanza na televisheni. Lazima nianze na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka. Mke wa mpwa wangu, mja mzito wa miezi saba, alikuwa anarudi kutoka Faza kwa boti ya mchana. Baada ya Alasiri simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti. Mwanamume anahema, anasema boti imezama, watu wote wameisha, tuwaombee. Chini yake mtu ameandika maneno matatu tu: Boti ya Faza.

Sikuuliza. Mikono ilikuwa inatetemeka, na kwa mikono hiyo hiyo nikautuma ule ujumbe kwenye magrupu manne: la ukoo, la walimu wastaafu, la majirani wa Langoni na la darsa ya akina mama. Niliona nafanya wema. Nilitaka watu wasome dua, na mwenye chombo atoke akaokoe. Haikupita nusu saa, vilio vikasikika nyumba tatu. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa abiria alianguka ukumbini kwake, presha imempanda, vijana wakambeba mpaka hospitali.

Boti ilifika baada ya Isha. Haikuzama. Maji yalikuwa yamekupwa, ikakwama mchangani pale Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, wakakaa kungoja maji yajae. Mke wa mpwa wangu alishuka gatini na njaa yake, akakuta watu wanamlilia. Mtoto alizaliwa salama, sasa anakimbia vichochoroni. Lakini yule mama alilala hospitali siku 9, na hadi leo mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Nimekwenda kumtaka radhi, na amenisamehe. Mimi bado naukumbuka mkono ule kila nikishika simu.

Siku ya pili nilianza kuufuata ujumbe nyuma, kama mtu anayefuata nyayo za punda wake aliyepotea. Nilimpigia aliyenitumia. Akasema kaupata kwa binamuye wa Mombasa. Wa Mombasa kaupata kwa rafiki wa Malindi. Wa Malindi kauona kwenye grupu la watu zaidi ya 200, umetoka kwa nambari isiyo na jina. Hapo nyayo zikaisha. Baadaye kijana mmoja akanionyesha kwamba sauti ile ilishazunguka mwaka mzima nyuma, ajali nyingine, maji mengine. Kipya kilikuwa yale maneno matatu ya chini.

Basi nikaisikiliza tena, safari hii kwa masikio ya kazi yangu. Yule mtu anasema “maji”. Anasema “njia”. Jamani! Mtu wa Amu aliyeshikwa na hofu kiasi kile angesema “mai”, angesema “ndia”. Na Mbajuni wa Faza lafudhi yake mngeitambua hata mkiwa usingizini. Mtu anapoona wenzake wanakufa majini hasemi Kiswahili cha taarifa ya habari, husema cha mamake. Sauti yenyewe ilikuwa inaniambia kuwa haitoki huku. Mimi, mwalimu wa lugha, sikuisikia.

Nikalitafuta jina la kitu kilichokosekana siku ile, nikalipata pale pale tunapopata maneno mengi katika mji huu. Isnadi.

Kwa wakubwa neno hili halitaki maelezo. Kwa ajili ya watoto nitasema kidogo. Ukisoma kwa sheikh, hadithi ya Mtume haianzi kwa yaliyosemwa. Huanza kwa majina: fulani kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mwisho wa mnyororo. Mnyororo huo ndio isnadi. Katika mnyororo huo akiwapo msahaulifu hutajwa, akiwapo mwongo hutajwa, na watu wawili ambao hawakuwahi kuonana mnyororo wao hukatika, hata maneno yawe mazuri namna gani. Mji huu umeishi kwa jambo hilo. Tangu zama za Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti na chuo cha Riyadha, vijana wamekuja kusoma hapo kutoka pwani nzima na bara, na aliyehitimu hakuondoka na elimu peke yake, aliondoka pia na orodha ya walioibeba kabla yake. Na mashekhe wetu wametusomea mara ngapi amri ya kuichunguza habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua? Mimi nimeisikia tangu utotoni. Siku ilipokuja kwa umbo la simu sikuitambua.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Watu tuliofundishwa kuuliza “nani kasema?” katika mambo makubwa kuliko yote, sasa tunapokea jambo la kifo na uhai bila kuuliza.

Najua baadhi ya baba zangu hapa mbele wanaitikia kwa kichwa, na moyoni wanasema: turudi barazani. Nawaheshimu, lakini mimi sina pa kurudi, kwa sababu barazani sikuwahi kukaa. Baraza za Mkunguni zilikuwa zenu. Habari zetu sisi wanawake zilipita juu ya vichwa vyenu, kwenye wikio, chumba kile kinachounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, ambapo mwanamke alivuka kwenda kwa jirani bila kushuka njiani. Zilipita harusini, zilipita katika kusuka ukili na katika kusukana nywele. Mwanamke aliyekuwa na neno la kuuambia mji alimwambia mumewe, mumewe akalipeleka barazani likiwa limepungua nusu. Leo binti wa Shela au Matondoni anaandika neno lake mwenyewe kwenye simu, na mji unalisoma. Hilo sitaki lirudi nyuma hata hatua moja.

Wala si kila la barazani lilikuwa kweli. Baraza imevunja ndoa za watu. Lakini uongo wa wakati ule ulikuwa na uso. Aliyeusema ana jina, ana nyumba, na kesho yake mtakutana njiani, na vichochoro vya Amu havina nafasi ya kumkwepa mtu usiyetaka kumtazama. Ukimsingizia mtu, bega lako litagusa bega lake. Ile nambari isiyo na jina haitanigusa bega.

Marehemu baba yangu alikuwa na redio ya betri, kaifunika kitambaa kama msahafu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, ya Deutsche Welle mwaka 1963, na nyumbani kwetu saa za idhaa hizo hakuna aliyethubutu kukohoa. Baba alimjua kila mtangazaji kwa sauti. Alikuwa akisema huyu ana mafua leo. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, siku wanajeshi wa anga walipotaka kuipindua serikali, waliiteka redio ya serikali, Sauti ya Kenya, na wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kuusoma ujumbe wao hewani. Nchi nzima iliijua sauti ile, na sisi wa pwani zaidi, maana alikuwa mzaliwa wa Frere Town. Nakumbuka baba alivyoinama karibu na redio akasema: “Sauti ni yake, lakini maneno si yake.” Kabla siku haijaisha serikali ikawa imekirudisha kituo mikononi mwake. Mzee wangu hakusoma shule ya Kizungu hata siku moja. Aliweza kuhisi maneno yamepandikizwa kwa sababu alikuwa amemsikiliza yule mtu miaka, tena akiwa na wenzake, na kila jioni walibishana juu ya walichosikia.

Sasa televisheni. Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika likawa la serikali kwa jina la Sauti ya Kenya, mwaka 1989 likaitwa tena KBC, na mpaka stesheni ya KTN ilipoingia mwaka 1990 nchi nzima ilitazama stesheni moja. Nchi nzima nasema, lakini nyinyi mnajua Amu ilikuwaje. Antena juu ya mti mrefu, mtoto kapanda darini anaizungusha, chini wanampigia kelele “rudisha kidogo”, na picha yenyewe chengachenga. Tuliotazama tulitazama taarifa ya saa moja jioni, mambo ya Nairobi na ya rais. Siku gati letu lilipotajwa tulizungumza wiki nzima. Tusijidanganye kuwa televisheni ile ilisema kweli yote. Iliyanyamazia mengi. Lakini ulijua mwenyewe ni nani na anataka nini, na ulipima kwa kipimo hicho.

Kilichoingia nyumbani kwetu kwa nguvu miaka ile kilikuwa video. Wenzangu wa kike wa umri wangu wanajua ninachosema. Wasichana kumi, kumi na tano, ukumbi mmoja, filamu ya Kihindi ya saa tatu, lugha hatuijui na machozi yanatiririka. Kesho yake fundi cherehani kaletewa kitambaa ashone kama ya yule wa kwenye filamu. Wazee walilalamika sana. Walisema tumeharibika. Hata mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm alikuja akakaa nasi, akaandika kitabu juu ya wasichana wa Lamu na video zao, kikatoka mwaka 1994. Kwa nini hatukuharibika kama ilivyohofiwa? Nimelifikiri hili sana. Naona ni kwa sababu ya shangazi. Katika kila ukumbi kulikuwa na shangazi mmoja amekaa nyuma na ukili wake, anatazama na sisi. Akioneshwa kijana anayemwambia msichana watoroke, shangazi anasema kwa sauti: “Huyo atamwacha.” Tunamzomea, tunabishana naye, na filamu inaendelea. Mara nyingi kijana kweli humwacha. Tuliyaona ya ulimwengu, na palikuwa na mtu wa kuyajibu.

Simu imemwondoa shangazi. Ukiniuliza nini kilibadilika kutoka televisheni hadi intaneti, kwangu ni hilo.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, TEAMS na SEACOM. Kabla yake intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na ya kukatikakatika. Mwaka huo huo ndio ilianzishwa WhatsApp kule Marekani. Miaka michache baadaye simu zenye kioo zikashuka bei, na kile kilichokuwa kimoja ukumbini kikawa kimoja kwa kila mtu, kitandani, chini ya shuka. Watu saba nyumba moja, masikio yote yamezibwa, kila mmoja ana ulimwengu wake. Ukiingia unatoa salamu, unaitikiwa na mmoja. Mama zangu, hilo halijawatokea?

Na vijana nataka mjue chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu wengi mnadhani mnachagua wenyewe. Mwenye programu hauzi video. Video anakupa bure. Anachouza ni muda wako, anawauzia wenye matangazo, na kadiri unavyokaa ndivyo anavyopata. Kwa hiyo kifaa kimetengenezwa cha kuhesabu: ulitazama hii hadi mwisho, ile uliiacha katikati, hii uliirudia. Halafu kinakuletea nyingine inayofanana na iliyokushika. Hakijui kama ulilia au ulicheka au ulichukia. Kinajua hukuondoka. Kijana akitazama mara moja mtu anayetukana kabila jingine, hata kwa mshangao, kesho ataletewa wawili, na baada ya mwezi ataamini ulimwengu mzima unazungumza hilo, kumbe ni simu yake tu. Mwenye duka la halwa akikuona umesimama mlangoni kila siku, siku moja atakwambia “mwanangu, meno yataoza.” Programu haina uso wa kukwambia hivyo.

Nirudi kwenye lugha, maana hapo ndipo ninapoumia. Mjukuu wangu ana miaka 6. Nilimwambia lete mai, akanisahihisha kwa upole: “Bibi, ni maji.” Kajifunza katuni. Mato, mtele, ndaa, yua, yaani macho, mchele, njaa, jua, anayasikia kwangu kama mtu anavyosikia redio ya nyumba ya pili. Nisiwalaumu wenye katuni peke yao. Kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na sisi walimu tukakipeleka darasani. Mimi kwa kalamu yangu nyekundu nimefuta “mato” nikaandika “macho”, mamia ya mara, nikidhani namfungulia mtoto njia ya mtihani. Nilimfungulia kweli. Lakini shule ilishika asubuhi tu, jioni mtoto alirudi kwa nyanyake. Sasa jioni pia imekwenda. Na nimewaeleza ujumbe wa ile boti ili mwone kwamba hili si suala la mapambo ya utamaduni kwa ajili ya wageni wanaokuja kutazama mji ulioandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mtu anayekijua Kiamu angesikia papo hapo kuwa sauti ile ni ya mgeni. Lugha ya kwetu ilikuwa ndani ya isnadi yetu. Tulimjua mtu kwa ulimi wake kabla hajataja jina.

Nimesema mabaya mengi, na sitaki mtu atoke hapa akavunje simu. Kuna akina mama humu wana mabinti Saudia wanaofanya kazi nyumba za watu. Zamani angeondoka, ukangoja barua. Sasa ukiuona uso wake usiku mmoja unajua kama amekula, na ukimwona kanyamaza unajua pia. Wapo walioachiliwa kutoka nyumba mbaya kwa sababu ya dakika moja ya simu. Maulidi yakisomwa hapa, mtu wetu aliye Muscat anasikia matari. Mazishi ya babangu mdogo, kaka zangu wawili walio ng’ambo waliyaona, wakaitikia dua na sisi.

Na ule mgogoro wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe Kwasasi. Ripoti za mazingira zilikuwa na kurasa nyingi, kwa Kiingereza, maofisini. Vijana walizisoma, wakazieleza kwa Kiswahili, klipu kwa klipu, mpaka mvuvi asiyejua kusoma akajua nini kinapangiwa bahari yake. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Angalieni basi: chombo kile kile. Lakini vijana wale walipokuja kwetu walisema ukurasa wa ngapi, nani kaandika, lini. Habari ilikuja na majina yake.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa corona, serikali ikasema masomo yatapitia redio, televisheni na YouTube. Wanafunzi wa mjini wenye umeme walipata walichopata. Nilikuwa na wanafunzi Kiwayuu na Ndau ambao kwao hiyo ilikuwa hadithi tu. Wengi walikaa mpaka Januari 2021. Baadhi ya wavulana walikwenda baharini na hawakurudi darasani, wasichana wawili waliolewa. Kwa hiyo mtu akiniambia intaneti imefika kila pahali, mimi namuuliza majina ya vijiji.

Jambo jingine moja. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, zile karatasi ambazo mchwa na unyevu vilikuwa vinazila, zilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, na zikawekwa mtandaoni. Mjukuu wa mtu wa Amu aliyezaliwa London anaweza kufungua mwandiko uliosomwa hapa na babu wa babu yake. Nilipoziona mara ya kwanza kwenye kioo nililia. Halafu Oktoba 2023 wadukuzi wakaivamia mitambo ya maktaba hiyo, huduma zake za mtandaoni zikazima kwa miezi. Karatasi zilikuwa bado Riyadha.

Mtaniuliza, sasa tufanye nini, Mwalimu? Sheria ipo. Bunge lilipitisha mwaka 2018 sheria ya uhalifu wa kompyuta, ikaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayeeneza uongo kwa makusudi. Lakini sheria hiyo haikunihusu siku ile, maana mimi sikukusudia. Wenye WhatsApp nao walipunguza usambazaji. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi sasa una mishale miwili, na tangu Aprili 2020 huwezi kuutuma zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo. Muiangalie hiyo mishale. Maana yake ni kwamba aliyekutumia si mwenye maneno, na aliyemtumia yeye si mwenye maneno. Ni alama ya mnyororo uliokatika, wameiweka wao wenyewe. Na itazidi kuwa vigumu, kwa sababu programu za akili bandia sasa huiga sauti ya mtu. Hata sikio la marehemu baba lingedanganyika. Litakalobaki ni kumpigia mwenyewe.

Katika grupu la ukoo wetu tumekubaliana jambo tangu siku ile. Hakuna anayetuma habari ya ajali, ya ugonjwa, ya kifo, ya fujo wala ya mtu kuvunjiwa heshima bila kuandika juu yake: nimeipata kwa fulani, nimempigia, naye kaiona mwenyewe. Asiyeweza kuandika hivyo, asitume. Mwanzoni watu walinuna. Mpwa wangu alisema tunachelewesha habari. Nikamwambia mkeo alichelewa saa tano na akarudi. Sasa mara nyingi mtu anaanza kuandika, anafika kwenye jina, anajikuta hana, anaifuta. Hatuhesabu ni ngapi zimefutwa, lakini grupu limetulia.

Na nyumbani kwangu, Ijumaa usiku simu zote zinakaa kwenye sinia pale zidakani, vile vishubaka vya ukutani. Tunawasha televisheni, moja, ukumbini, na tunatazama chochote wanachotaka watoto, nami nakaa nyuma. Siwakatazi. Ninasema kwa sauti ninachofikiri, wao wananijibu, wakati mwingine wananishinda. Juzi mjukuu aliniuliza juu ya tangazo la dawa ya kung’arisha ngozi: “Bibi, huyu anayesema, ni daktari wa wapi?” Nilimkumbatia.

Kuna jambo nawaomba, na ndilo lililonileta kwa miguu yangu hii mibovu. Wengi wenu mna nyanya au babu ambaye bado anasema mato na ndia bila kujua kuwa anasema jambo la thamani. Kuanzia Alhamisi hii, baada ya Alasiri, chumba cha maktaba cha hapa ngomeni tumepewa tukitumie. Waleteni. Asiyeweza kutembea tutamfuata kwake. Nyinyi vijana njooni na simu zenu, hizo hizo. Nataka turekodi majina ya pepo za baharini na ya samaki, nyimbo za kubembelezea watoto, namna boti ilivyokuwa ikipitishwa Mkanda maji yakikupwa, lolote atakalotaka kusema. Msimkatize wala msimsahihishe. Ila kabla hajaanza, mwombeni ataje jina lake, jina la mamake, mtaa aliozaliwa, na ni nani aliyemwambia hayo anayotaka kuyasema.